Mkono Unauma, Daktari Anataka Picha ya Kifua

Mtu anakwenda hospitali akilalamikia mkono. Hasemi bega wala kiwiko, bali kigasha kizima, kuanzia kifundo cha mkono kupanda juu, na mara nyingi mikono yote miwili kwa pamoja. Eksirei inaonyesha jambo la kushangaza: pembeni mwa mfupa umejichora mstari mwembamba mweupe, unaokwenda sambamba na mfupa wenyewe na kuachana nao kwa uwazi mdogo. Huo ni mfupa mpya. Mgonjwa hakuanguka, hakupigwa, hakuvunjika. Daktari aliyewahi kuuona mstari wa namna hiyo hana haja ya kuutazama mkono zaidi. Anaandika ombi la picha ya kifua. Mgonjwa anatoka akinung'unika kwamba hakusikilizwa.

Kumbe amesikilizwa vizuri. Hali hiyo kitaalamu huitwa haipatrofiki osteoathropathi, jina refu ambalo hata madaktari wenyewe hulifupisha kuwa HOA, na hapa nitawafuata. Ni mfupa wa mkono na wa mguu unaoota kwa sababu ya ugonjwa ulioko kwingine kabisa, aghalabu mapafuni. Kuielewa kunahitaji kwanza kujua jambo moja kuhusu mfupa.

Kila mfupa mrefu umefunikwa kwa utando mwembamba, mgumu, uitwao periostiamu. Kwenye tabaka la ndani la utando huo mna seli zinazojenga mfupa. Ndizo zinazounenepesha mfupa wa mtoto anapokua, na ndizo zinazoamka mfupa ukivunjika ili uungwe. Kwa mtu mzima asiye na jeraha hazina kazi kubwa. Utando huo pia umejaa neva, ndiyo maana muundi ukigonga meza unauma kupita kiasi. Kwa hiyo mstari mweupe kwenye eksirei una maana moja tu: seli za periostiamu zimepewa amri ya kujenga. Kinachotafutwa ni aliyetoa amri.

Jinsi ulivyotenganishwa na ugonjwa mwingine

Mwaka 1886 daktari Mfaransa Pierre Marie alieleza akromegali, ugonjwa unaofanya viganja, nyayo na taya za mtu mzima kukua, ambao baadaye ulihusishwa na homoni ya ukuaji. Kutoka hapo, kila mwenye mikono iliyonenepa akawa anatiwa katika kapu hilo. Ni Marie mwenyewe aliyekuja kupinga mwaka 1890. Alionyesha kwamba baadhi ya wagonjwa hao hawana akromegali: taya zao ni za kawaida, ila ncha za vidole zimevimba, mifupa ya vigasha na miundi imenenepa, na vifua vyao vina maradhi. Akaupa ugonjwa jina lenye neno la mapafu ndani yake. Mwaka mmoja kabla yake, Bamberger wa Vienna alikuwa ametoa taarifa ya wagonjwa wanaofanana na hao, na ndiyo sababu vitabu vingine mpaka leo vinauita ugonjwa wa Marie na Bamberger. Neno la mapafu liliondolewa baadaye, ilipoonekana kwamba moyo na ini navyo vinaweza kuuleta.

Vidole vyenyewe vilikuwa vimeonwa zamani zaidi. Maandiko ya Hippocrates, Mgiriki aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, yanawataja watu wenye usaha kifuani ambao kucha zao zimepinda. Madaktari wa leo huviita vidole vya rungu: ncha hutuna, kucha huinama kuelekea kiganjani, na pembe iliyoko kati ya kucha na ngozi hupotea. Unaweza kujipima. Chukua kidole cha shahada cha kulia na cha kushoto, uviweke kucha kwa kucha, migongo ikitazamana. Kwa kawaida panabaki kijidirisha kidogo penye mizizi ya kucha, chenye umbo la uru ya karata. Kwenye vidole vya rungu kijidirisha hicho hakipo. Kipimo hiki kilielezwa mwaka 1976 na Leo Schamroth, bingwa wa moyo wa Afrika Kusini, ambaye alivitazama vidole vyake mwenyewe vikibadilika alipougua maambukizi ya utando wa ndani wa moyo. Si kila mwenye vidole hivyo ana HOA, na ziko familia ambazo wamezaliwa navyo bila ugonjwa wowote. Lakini vidole vya rungu vikikutana na maumivu ya vigasha na miundi, mashaka yanapaswa kuwa makubwa.

Maumivu yenyewe yana tabia yake. Ni ya ndani sana, kama yanatoka kwenye uboho, na huzidi mkono au mguu ukining'inia, ukiinuliwa yanapoa. Vifundo vya mikono na miguu pamoja na magoti vinaweza kuvimba na kujaa maji. Ndipo mgonjwa anapoambiwa ana baridi yabisi, anapewa dawa za maumivu, anapata nafuu kiasi, na miezi inapita. Kosa hili si la kijinga, kwa sababu yanafanana kweli. Ila baridi yabisi hushambulia hasa viungo vidogo vya vidole na kula mfupa pale viungo vinapokutana, wakati HOA hujenga mfupa, tena kwenye shina lake, mahali ambapo hakuna kiungo. Mgonjwa akionyesha kwa kidole panapouma, akapapasa katikati ya kigasha badala ya kwenye kifundo, ameshatoa nusu ya jibu.

Pafu linaamrishaje mfupa?

Hapa ndipo habari inaponoga, na ndipo wataalamu walipokwama kwa karibu karne nzima.

Chembe sahani, zile zinazogandisha damu tunapojikata, hutokana na seli kubwa mno zinazoishi kwenye uboho. Baadhi ya seli hizo, au mapande yake makubwa, huingia kwenye damu, hupita upande wa kulia wa moyo na kusukumwa mapafuni. Huko hunaswa katika mishipa myembamba na kumeguka kuwa chembe ndogo za kawaida. Mwaka 1987 Waingereza wawili, Dickinson na Martin, walipendekeza kwamba vidole vya rungu hutokea mapande hayo yanapokwepa kunaswa. Ikiwa damu inapata njia ya mkato bila kupita kwenye mishipa hiyo midogo, mapande hufika mwisho wa safari, kwenye ncha za vidole, yakakwama na kumwaga vichochezi vya ukuaji. Viwili kati ya hivyo vinajulikana kwa vifupisho PDGF na VEGF: vinaotesha mishipa midogo ya damu na tishu, na vinaziamsha seli za mfupa. Baadhi ya saratani za mapafu hutengeneza VEGF zenyewe, bila kuhitaji chembe sahani.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote unatoka kwa watoto wenye kasoro ya moyo. Mtoto akiwa tumboni ana kimfereji kinachounganisha mshipa mkuu wa mapafu na aota, mshipa mkubwa unaotoa damu moyoni kwenda mwilini, kwa kuwa mapafu yake bado hayapumui. Kimfereji hiki hufungika siku chache baada ya kuzaliwa. Kisipofungika, na shinikizo la damu mapafuni likapanda miaka ikienda, damu ambayo haijapita mapafuni huvuka moja kwa moja na kuingia aota. Lakini inaingia chini ya mahali ambapo mishipa ya kichwa na mkono wa kulia huchipuka. Matokeo yake, vidole vya miguu vinakuwa vya rungu na rangi ya buluu, huku vya mkono wa kulia vikibaki vya kawaida. Mkono wa kushoto wakati mwingine huguswa, maana mshipa wake uko karibu na hapo. Mwili mmoja, moyo mmoja, na mstari kati ya vidole vizima na vilivyobadilika unafuata mpaka wa damu iliyochujwa na isiyochujwa.

Upande wa pili wa kisa ni kemikali iitwayo prostaglandini E2. Hutengenezwa karibu kila mahali mwilini, ina kazi nyingi, na sehemu kubwa yake humalizwa na kimeng'enya kilichoko kwa wingi mapafuni. Kuna ugonjwa adimu wa kurithi ambao vidole vya rungu na mifupa iliyonenepa huja bila ugonjwa wa pafu wala moyo. Ngozi ya uso nayo huwa nene na kujikunja, jasho likitoka kwa wingi, na mara nyingi dalili hushika kasi wakati wa kubalehe. Mwaka 2008 watafiti walionyesha kwamba baadhi ya familia hizo zina hitilafu kwenye jeni inayotengeneza kimeng'enya hicho, na mwaka 2012 ikapatikana jeni ya pili, inayohusika na kuiingiza prostaglandini ndani ya seli ili iharibiwe. Kwa hiyo prostaglandini inarundikana.

Na tazama kinachofuata. Baadhi ya watoto wa familia hizo huzaliwa na kimfereji kilekile cha moyo kikiwa wazi, kwani prostaglandini ndiyo inayokizuia kisifunge. Kwa upande mwingine, wako watoto wachanga ambao kwa sababu ya kasoro nyingine za moyo wanahitaji kimfereji kibaki wazi ili waishi mpaka wafanyiwe upasuaji. Hao hupewa dawa ya prostaglandini kwa mshipa. Wakiitumia kwa wiki kadhaa, eksirei za mikono na miguu yao huonyesha mfupa mpya ukijengeka chini ya periostiamu. Dawa ikisimamishwa, mfupa huo hurudi taratibu kwenye hali yake. Ni vigumu kupata ushahidi ulio wazi kuliko huo.

Wapo wanaozichukulia nadharia hizi mbili kama wapinzani. Mimi sioni ugomvi. Zote zinasema kwamba pafu, mbali na kupumua, lina kazi ya kukomesha vitu ambavyo havipaswi kuvuka upande wa pili, na kazi hiyo ikishindikana mifupa ya mbali inapokea ujumbe usio wake. Hata ini linaingia hapo: ini likisinyaa kwa makovu, mishipa midogo ya mapafuni inaweza kutanuka na kuacha njia za mkato.

Magonjwa yanayotafutwa

Kwa mtu mzima, hasa mvutaji sigara au aliyewahi kuvuta, saratani ya mapafu ndiyo inayoongoza orodha, na mara nyingine maumivu ya mkono hutangulia kikohozi kwa miezi. Halafu kuna usaha uliokaa muda mrefu kifuani, jipu la pafu, mirija ya hewa iliyotanuka na kuharibika, maambukizi ya moyo, kasoro za moyo za kuzaliwa nazo ambazo hazikurekebishwa, na ugonjwa sugu wa ini.

Kwetu Afrika Mashariki kuna tatizo la ziada, nalo ni kifua kikuu. Utafiti uliofanyika katika Hospitali ya Mulago, Kampala, na kuchapishwa mwaka 2006, uliwakuta takriban theluthi moja ya wagonjwa wa kifua kikuu wakiwa na vidole vya rungu. Kwa hiyo vidole peke yake haviwezi kuitenga saratani na kifua kikuu. Mfupa mpya ukionekana kwenye kigasha mizani inaelemea upande wa saratani, ingawa haiamui kesi. Hatari iko kwa mgonjwa anayemeza dawa za kifua kikuu kwa kukisia, makohozi hayajaonyesha vimelea, na anapokosa nafuu anaanzishiwa upya. Huyo anahitaji siti skani ya kifua na kipande cha uvimbe kupimwa maabara.

Mkono mmoja tu ukiwa na dalili hizi, hesabu inabadilika. Ugonjwa wa mapafu hauchagui upande, kwa hiyo tatizo litafutwe kwenye mshipa wa damu unaoulisha mkono huo: mshipa uliotuna karibu na bega, au, kwa wanaosafishwa damu kwa sababu ya figo, kile kiungio cha mishipa kilichotengenezwa mkononi, kikiwa kimepata maambukizi.

Maji ya kunywa

Kuna mfupa mwingine unaoota kwenye kigasha, nao una kwao: Bonde la Ufa. Miamba ya volkano inayozunguka Mlima Meru, sehemu za Kilimanjaro, na upande wa Kenya maeneo ya Nakuru na Naivasha, hutoa maji yenye fluoridi nyingi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na kuna chemchemi na visima kuzunguka Meru vinavyopita kiwango hicho mara kadhaa. Meno ya kahawia ya watoto waliokulia huko wengi wanayafahamu. Kisichofahamika sana ni kwamba fluoridi huendelea kujiweka kwenye mifupa miaka yote, na kwa mtu aliyeyanywa maji hayo kwa miongo kadhaa, utando unaounganisha mifupa miwili ya kigasha huanza kugeuka mfupa.

Kigasha kina mifupa miwili: rediasi upande wa kidole gumba na alna upande wa kidole cha mwisho. Kugeuza kiganja juu, kama mtu anapokinga mikono kuomba dua, ni kazi ya rediasi kuzunguka juu ya alna. Utando wa katikati ukigeuka mfupa, mzunguko huo unakuwa mgumu. Kwenye eksirei tofauti na HOA inaonekana waziwazi: hapa mfupa mpya umeota ukielekea ndani, katika nafasi kati ya mifupa miwili, na uti wa mgongo na nyonga navyo vimekuwa vyeupe na vizito isivyo kawaida.

Kuyachemsha maji hakusaidii. Maji yanapungua, fluoridi inabaki. Magadi yanayotiwa kwenye maharage na makande ili yaive haraka yanaweza kuongeza fluoridi nyingine. Njia mojawapo iliyofanyiwa kazi katika kituo cha Ngurdoto, Arusha, ni kuyapitisha maji kwenye mkaa wa mifupa ya ng'ombe, kwa kuwa mfupa una njaa ya fluoridi hata ukishachomwa.

Hospitalini kuna toleo dogo la hadithi hiyohiyo. Dawa ya fangasi iitwayo vorikonazoli ina atomi 3 za florini, elementi ileile iliyomo kwenye fluoridi, katika kila molekuli. Wagonjwa wanaoitumia kwa miezi mingi, mathalani waliopandikizwa kiungo, wanaweza kupata maumivu makali ya mifupa na mfupa mpya chini ya periostiamu, vigashani na mbavuni. Dawa hiyo ikisimamishwa, maumivu hupungua.

Yasiyohusika

Nundu moja ngumu karibu na kiungo, ambayo kijana amekuwa nayo tangu utotoni na inakua pamoja naye, huwa jambo jingine. Wapo wenye nundu nyingi za namna hiyo kwa kurithi. Alna inaweza kuwa fupi na rediasi ikapinda kwa sababu yake. Kwa kawaida huacha kukua mtu anapomaliza kurefuka, na inayoanza kukua upya ukubwani inapaswa kuchunguzwa haraka.

Mtoto mwenye selimundu, kati ya miezi 6 na miaka 3 hivi, anaweza kuvimba viganja na nyayo, na eksirei ya baadaye ikaonyesha mfupa mpya. Chanzo ni damu iliyokwama ndani ya mifupa hiyo midogo, na daktari atahakikisha kwanza kwamba si maambukizi ya mfupa.

Halafu kuna kuchua. Kiwiko kikiteguka au kuvunjika, kisha mhazigi wa mtaani akakichua kwa nguvu kila siku, msuli ulioko mbele yake unaweza kuota mfupa ndani yake na kiwiko kikakakamaa. Hapo hakuna ugonjwa uliojificha popote. Walioungua sana au kuumia ubongo na uti wa mgongo nao hupata mfupa wa aina hiyo kiwikoni, hata bila kuchuliwa. Ila mtoto ambaye kila akigongwa au kuchomwa sindano ya msuli anavimba na kuacha pande gumu, tena alizaliwa na vidole gumba vya miguu vifupi na vilivyopinda, asikatwe nyama ya kupimwa. Huenda ana ugonjwa adimu wa jeni ya ACVR1, ambayo mwaka 2006 iligunduliwa kuwa ndiyo chanzo chake, na kila jeraha linamwongezea mfupa.

Kutibu mkono kwa kutibu kifua

Kwa HOA, tiba ya kweli ni kukiondoa chanzo. Uvimbe wa pafu ukikatwa wote, maumivu ya mikono yanaweza kupoa ndani ya siku chache, mara nyingine hata saa chache, wakati mfupa uliokwishajengeka unachukua miezi kurudi nyuma. Kasi hiyo iliwashangaza wapasuaji wa zamani, na wakagundua jambo jingine: hata pale waliposhindwa kuutoa uvimbe, kuikata neva ya vagasi inayopita kifuani kulimpunguzia mgonjwa maumivu. Kwa hiyo neva nazo zina sehemu yake katika amri hii, pamoja na vichochezi vya damuni. Siku hizi upasuaji huo wa neva haufanyiki sana. Asiyeweza kupasuliwa hupewa dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni, ambazo huzuia utengenezaji wa prostaglandini, au dawa za kuimarisha mifupa za mshipani kama zoledroniki asidi. Anayetumia ibuprofeni na kundi lake kwa muda mrefu awe anapimwa figo, na aseme mapema kama ana vidonda vya tumbo.

Aliyepasuliwa akapona huambiwa aendelee kuisikiliza mikono yake. Maumivu yaleyale ya kigasha yakirudi baada ya mwaka mmoja au miwili, kliniki hairudii eksirei ya mkono kwanza. Inapiga upya picha ya kifua, kuangalia kama uvimbe umerejea.